Hekaya za historia ya Marekani

Hekaya za historia ya Marekani ni masimulizi mashuhuri kuhusu watu na matukio ya nchi hiyo ambayo husimuliwa kana kwamba ni kweli, ilhali nyaraka za wakati husika haziyaungi mkono au zinaeleza jambo tofauti kabisa. Miongoni mwake ni habari za George Washington na mti wa mcheri, meno yake ya mbao, kutiwa saini kwa Tangazo la Uhuru tarehe 4 Julai 1776, safari ya usiku ya Paul Revere, wachawi wa Salem waliochomwa moto, na kuvumbuliwa kwa mchezo wa besiboli.

Hekaya hizi zinatofautiana na ngano za kale kwa jambo moja. Ngano ya kale haina mwenyewe: imetoka kwa bibi ikafika kwa mjukuu, na hakuna ajuaye aliyeianza. Hekaya nyingi za Marekani zina mwenyewe. Jina la mwandishi linajulikana, mwaka wa kuchapishwa unajulikana, na mara nyingine hata sababu ya kuandika inajulikana. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia anaweza kuzifuata hadi chimbuko lake, kazi ambayo ni ngumu kwa ngano za mataifa makongwe.

Chimbuko

Makoloni 13 yaliyojitenga na Uingereza hayakuwa na wafalme wa kale wa pamoja, wala mashujaa wa pamoja, wala dhehebu moja la dini. Mtu wa Massachusetts na mtu wa Georgia walikuwa na machache ya kukumbushana. Taifa lilipozaliwa lilihitaji mashujaa upesi, na wachapishaji wa vitabu walikuwa tayari kuwatoa. Katika karne ya 19 vitabu vya bei nafuu, magazeti na vitabu vya shule vilisambaa kote, na hekaya zikasambaa navyo.

Wimbi la pili lilikuja karibu na sherehe za miaka 100 ya uhuru mwaka 1876. Vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861–1865) vilikuwa vimekwisha miaka 11 tu kabla, na watu wa kaskazini na wa kusini walitafuta kumbukumbu ambazo wangeweza kuzishangilia pamoja bila kugombana. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya utumwa. Pengine ndiyo maana katika hekaya nyingi watumwa hawaonekani, hata pale ambapo nyaraka zinawataja.

George Washington

Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alifariki tarehe 14 Desemba 1799. Mwaka uliofuata Mason Locke Weems, kasisi aliyekuwa akizunguka majimboni kuuza vitabu, alitoa kijitabu cha maisha yake. Kilinunuliwa sana, naye akawa anakiongeza kila kilipochapishwa upya. Kisa cha mcheri hakikuwemo katika toleo la kwanza. Kiliingia katika toleo la tano la mwaka 1806. Humo George, mtoto wa miaka sita hivi, anapewa kishoka, anakijaribu kwenye mcheri mchanga ambao baba yake anaupenda, na anapoulizwa anakiri kosa lake kwa sababu hawezi kusema uongo. Baba anafurahi kuliko kama angepata miti elfu.

Weems alidai kuwa alikipata kisa hicho kwa bibi mmoja mzee wa ukoo huo, ambaye hakumtaja jina. Hakuna barua wala shajara ya familia inayokitaja. Kasisi huyo pia alijitambulisha kwenye kitabu kuwa aliwahi kuhudumu katika parokia ya Mount Vernon, ingawa hapakuwa na parokia yenye jina hilo. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ya Weems imekwenda zaidi ya miaka mia mbili, tena katika kisa kinachofundisha watoto kutosema uongo. Hata wanaokisimulia leo wamekiongeza chumvi: katika kitabu cha Weems mti haukukatwa ukaanguka, bali uliharibiwa gome tu. Vitabu vya kusomea vya William Holmes McGuffey, vilivyoanza kutolewa mwaka 1836 na kutumika katika shule nyingi mno za Marekani, ndivyo vilivyokipeleka kisa hicho kwa watoto wa vizazi vilivyofuata.

Kufikia wakati huo jina la Washington lilikuwa biashara. Mwaka 1835 Phineas Taylor Barnum, kijana wa miaka 25 ambaye baadaye alipata umaarufu kwa sarakasi, alilipa dola 1,000 ili apate haki ya kumwonyesha kwa viingilio mwanamke Mwafrika mtumwa aliyeitwa Joice Heth. Alikuwa kipofu na amepooza. Barnum alitangaza kwamba ana umri wa miaka 161 na kwamba ndiye yaya aliyemlea Washington. Watu walilipa ili wamwone, wamshike mkono na kumsikiliza akieleza utoto wa rais. Heth alipofariki Februari 1836, Barnum aliandaa upasuaji wa maiti yake mbele ya hadhara jijini New York, akatoza senti 50 kwa kila mtu. Walifika watazamaji wapatao 1,500. Daktari aliyepasua alisema mwanamke huyo hakuwa amezidi miaka 80, maana yake hata hakuwa amezaliwa Washington alipokuwa mtoto. Yeye mwenyewe aliyaonaje hayo yote, hakuna aliyemwuliza na kuandika.

Hekaya ya meno ya mbao ina chimbuko lisilo wazi, lakini ukweli wake unajulikana vizuri kuliko wa mcheri, kwa kuwa meno yenyewe yamehifadhiwa. Washington alisumbuliwa na meno tangu ujana. Alipoapishwa tarehe 30 Aprili 1789 alibakiwa na jino moja tu la asili. Meno yake ya bandia, ambayo baadhi yalitengenezwa na daktari wa meno John Greenwood, yalikuwa ya pembe, ya ng'ombe au farasi, ya binadamu, pamoja na risasi, shaba, dhahabu na springi za kuyafungua. Mbao haikuwemo. Pembe iliyotumiwa na Greenwood ilikuwa meno ya kiboko, mnyama ambaye asili yake ni Afrika, kwa hiyo rais wa kwanza wa Marekani alihutubia wananchi wake akiwa na kipande cha mto wa Afrika kinywani. Inadhaniwa kuwa pembe hiyo ilipozeeka na kuingia madoa ilifanya nyufa nyembamba zinazofanana na nyuzi za mti, na waliokuja kuitazama baadaye wakadhani ni mbao.

Hapo ndipo wengi huishia, wakacheka na kuendelea. Lakini daftari la hesabu la Washington lina mstari mmoja wa Mei 1784 unaohusu jambo hilohilo. Unaonyesha kwamba watu weusi walilipwa pauni 6 na shilingi 2 kwa ajili ya meno tisa, kwa hesabu ya daktari Mfaransa Jean-Pierre Le Mayeur, aliyekuwa akimtibu Washington. Majina ya waliong'olewa hayakuandikwa. Pauni 6 na shilingi 2 ni shilingi 122, yaani chini ya shilingi 14 kwa jino. Daktari huyohuyo aliwahi kutangaza magazetini kwamba atalipa gini mbili, ambazo ni shilingi 42, kwa kila jino zima la mbele. Hesabu ni rahisi: waliolipwa katika shamba la Mount Vernon walipata karibu theluthi moja ya bei iliyotangazwa kwa watu huru. Daftari halisemi kama meno hayo yaliwekwa katika kinywa cha Washington au yalitumiwa kwa mgonjwa mwingine. Wala halisemi kama wenye meno walikuwa na nafasi ya kukataa. Mtumwa hakuwa na uwezo huo kisheria, iwe alilipwa au hakulipwa. Washington alipofariki, Mount Vernon ilikuwa na watumwa 317.

Tarehe 4 Julai

Tarehe 2 Julai 1776 wawakilishi wa makoloni waliokutana Philadelphia walipiga kura ya kujitenga na Uingereza. Makoloni 12 yaliunga mkono. New York haikupiga kura siku hiyo, ikakubali wiki moja baadaye. Kesho yake John Adams alimwandikia mke wake, Abigail, akitabiri kwamba tarehe 2 Julai ingeadhimishwa na vizazi vijavyo kwa gwaride, michezo, kengele na mioto ya furaha. Alipatia kila kitu isipokuwa siku.

Kilichofanyika tarehe 4 ni kuidhinishwa kwa maneno ya Tangazo la Uhuru, yaliyoandikwa kwa sehemu kubwa na Thomas Jefferson. Usiku huo mchapaji John Dunlap alipiga chapa nakala za kwanza zikiwa na tarehe 4 Julai juu yake, na tarehe iliyochapwa ikaishinda tarehe ya kura. Wengi wa wawakilishi 56 walitia saini tarehe 2 Agosti, baada ya nakala safi kuandikwa kwa mkono kwenye ngozi, na wachache wakasaini baadaye zaidi. Picha mashuhuri ya John Trumbull, iliyomo katika jengo la bunge mjini Washington na nyuma ya noti ya dola mbili, kwa kawaida hudhaniwa kuwa inaonyesha utiaji saini. Inaonyesha kamati ikikabidhi rasimu tu.

Katika rasimu hiyo Jefferson alikuwa ameandika aya ndefu ya kumlaumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa. Aya hiyo iliondolewa kabla ya tarehe 4. Jefferson baadaye aliandika kwamba iliondolewa ili kuwaridhisha wawakilishi wa South Carolina na Georgia, na akaongeza kuwa hata baadhi ya watu wa kaskazini waliona haya, kwa kuwa walikuwa wasafirishaji wa watumwa. Mwandishi wa aya hiyo naye alimiliki zaidi ya watumwa 600 katika maisha yake. Mwaka 1852 Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa akatoroka, alipoalikwa mjini Rochester kuhutubia katika maadhimisho ya uhuru, alihutubia tarehe 5 Julai, akawauliza wasikilizaji wake sikukuu ya jana yake ilimhusu nini mtumwa.

Kengele ya Uhuru iliyoko Philadelphia, ile yenye ufa, inasemekana ililia tarehe 4 Julai 1776 kutangaza uhuru, baada ya mtoto kumpigia kelele mzee wa kengele kwamba wakati umefika. Kisa hicho ni cha George Lippard, mtunzi wa hadithi, aliyekitoa gazetini mwaka 1847. Hapakuwa na tangazo la hadhara siku hiyo, kwani Tangazo lilisomwa mbele ya watu tarehe 8. Hata jina la Kengele ya Uhuru halikutokana na mwaka 1776. Lilienezwa katika miaka ya 1830 na wapinga utumwa, waliofurahia maneno ya Biblia kuhusu uhuru yaliyochongwa juu yake.

Jambo moja linaloonekana kuwa la kutungwa ni kweli tupu: Adams na Jefferson walifariki siku moja, tarehe 4 Julai 1826, Tangazo lilipotimiza miaka 50. James Monroe, rais wa tano, akafariki tarehe kama hiyo mwaka 1831.

Mpanda farasi na mshona bendera

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 Paul Revere, mfua fedha wa Boston, alipanda farasi kwenda kuwaonya wakazi wa vijiji kwamba askari wa Uingereza wanakuja. Hilo ni kweli. Hakuwa peke yake: William Dawes alitumwa kwa njia nyingine, na baada ya mji wa Lexington walikutana na daktari kijana, Samuel Prescott. Askari wa doria waliwasimamisha. Revere alikamatwa na kunyang'anywa farasi, Dawes alikimbia lakini hakufika mbele, na Prescott peke yake ndiye aliyefikisha habari Concord, mahali penye silaha.

Revere alipata sifa yote kwa sababu ya shairi la Henry Wadsworth Longfellow, lililotoka katika jarida la The Atlantic Monthly toleo la Januari 1861. Longfellow alikuwa mpinga utumwa na rafiki wa wapinga utumwa. South Carolina ilikuwa imejitoa katika Muungano tarehe 20 Desemba 1860, na vita vilianza Aprili iliyofuata. Shairi linalosimulia mtu mmoja anayewaamsha raia usiku lilisomwa na watu waliojua wanaamshwa kwa ajili ya nini. Lilipoingia madarasani baada ya vita, sababu hiyo ilisahauliwa akabaki farasi.

Kisa cha Betsy Ross, fundi wa kushona wa Philadelphia anayesemekana kuombwa na Washington ashone bendera ya kwanza, kilitolewa hadharani na mjukuu wake, William Canby, mwaka 1870, karibu miaka 100 baada ya tukio linalodaiwa. Ross alikuwa mshona bendera kweli, na malipo aliyopewa na jimbo la Pennsylvania mwaka 1777 yameandikwa. Linalokosekana ni ushahidi wa kumhusisha na bendera ya kwanza ya taifa. Mwenye hati ni Francis Hopkinson, mmoja wa waliosaini Tangazo, ambaye mwaka 1780 aliidai serikali ujira wa kuchora bendera na mambo mengine. Kwanza aliomba robo pipa la mvinyo. Hakulipwa.

Wachawi wa Salem

Longfellow anahusika pia na hekaya nyingine, ya zamani zaidi. Mwaka 1692 na 1693 zaidi ya watu 150 wa Salem na vijiji vya jirani huko Massachusetts walishtakiwa kwa uchawi. Filamu na picha nyingi huwaonyesha wakichomwa moto. Hakuna aliyechomwa. Sheria ya Uingereza, iliyotumika katika koloni hilo, iliadhibu uchawi kwa kunyonga. Kuchoma kulitumika Scotland na katika nchi nyingi za bara la Ulaya. Walionyongwa walikuwa 19, wanawake 14 na wanaume 5. Giles Corey, mkulima wa miaka ipatayo 80, alikataa kujibu mashtaka, akarundikiwa mawe kifuani hadi akafa. Angalau wengine watano walifia gerezani.

Wa kwanza kukiri alikuwa Tituba, mtumwa wa mchungaji Samuel Parris. Nyaraka za kesi humtaja kuwa Mhindi, jina walilopewa wenyeji wa mabara ya Amerika. Katika tamthilia ya Longfellow ya mwaka 1868 kuhusu Giles Corey, amekuwa chotara mwenye baba mweusi, mganga. Katika tamthilia ya Arthur Miller iitwayo The Crucible, ya mwaka 1953, amekuwa mweusi kabisa. Hivyo mwanamke mmoja alibadilishwa asili yake ndani ya miaka 85, bila hati mpya kupatikana. Kwa kuwa alikiri, hakunyongwa. Alikaa gerezani miezi 13 hivi, kwa sababu mfungwa alitakiwa kulipia chakula na malazi yake na bwana wake alikataa kumlipia. Hatimaye mtu mwingine alilipa deni hilo akamchukua. Baada ya hapo hatajwi tena popote.

Elizabeth Johnson mdogo, wa umri wa miaka 22, alihukumiwa kifo mwaka 1693, lakini gavana William Phips alisimamisha adhabu. Aliishi hadi mwaka 1747. Katika miaka iliyofuata, jimbo lilifuta hukumu za wenzake kwa awamu: mwaka 1711, 1957 na 2001. Jina lake liliachwa kila mara. Hakuwa na watoto, na katika kesi za namna hii wanaodai haki ya marehemu huwa ni wajukuu na vitukuu. Waliomdai yeye ni wanafunzi wa darasa la nane wa mji wa North Andover, waliolichukua jina lake kuwa zoezi katika somo la uraia, wakasoma nyaraka za kesi na kuandika barua kwa wabunge wa jimbo. Hukumu yake ilifutwa kwa sheria mwezi Julai 2022, miaka 329 baada ya kutolewa.

Sanamu ya Uhuru

Inaaminika sana kwamba Sanamu ya Uhuru ya New York, zawadi kutoka Ufaransa iliyozinduliwa tarehe 28 Oktoba 1886, ilijengwa ili kuwapokea wahamiaji. Kituo cha wahamiaji cha Ellis Island kilifunguliwa baadaye, mwaka 1892. Shairi la Emma Lazarus lililoipa sanamu maana hiyo liliandikwa mwaka 1883 ili kuchangisha fedha za msingi, likasahauliwa, na kibao chake kikawekwa mwaka 1903 wakati mwandishi amekwisha kufa.

Édouard de Laboulaye, mwasisi wa wazo hilo huko Ufaransa, alikuwa mpinga utumwa. Miguuni mwa sanamu kuna mnyororo uliokatika, ambao mtu aliyesimama chini hauoni. Mchongaji wake, Frédéric Auguste Bartholdi, alikuwa amejaribu kwanza kuuza wazo la namna hiyo barani Afrika: mwaka 1869 alimpelekea Ismail Pasha, mtawala wa Misri, michoro ya mwanamke wa Kimisri mwenye kuinua taa, asimamishwe kwenye mlango wa Mfereji wa Suez. Haikujengwa, na Bartholdi baadaye alikana kwamba sanamu hizo mbili zina uhusiano. Anayeitazama michoro hiyo ataamua mwenyewe. Rangi ya kijani ni ya kutu ya shaba, kwani sanamu ilipozinduliwa ilikuwa ya kahawia.

Gazeti la Cleveland Gazette, lililokuwa la watu weusi, liliandika mwezi mmoja hivi baada ya uzinduzi kwamba mwenge ule ungefaa utupwe baharini hadi mtu mweusi wa kusini aweze kuishi kwa kazi yake bila kupigwa wala kuuawa.

Besiboli

Besiboli ndiyo hekaya pekee kati ya hizi iliyothibitishwa na tume. Albert Spalding, mchezaji wa zamani aliyetajirika kwa kuuza vifaa vya michezo, hakupenda kusikia kwamba mchezo wa taifa umetokana na mchezo wa watoto wa Uingereza, kama alivyoshikilia mwandishi Henry Chadwick, ambaye mwenyewe alizaliwa Uingereza. Tume iliundwa mwaka 1905 chini ya Abraham Mills. Ushahidi wake mkuu ulikuwa barua ya mzee mmoja, Abner Graves, aliyesema kwamba Abner Doubleday aliubuni mchezo huo katika mji wa Cooperstown mwaka 1839. Mwaka huo Graves alikuwa na miaka mitano, na Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Doubleday alikuja kuwa jenerali, akaandika mengi, na akafa mwaka 1893 bila kudai kuwa alibuni mchezo wowote. Mills alikuwa rafiki yake, na hilo halikumfanya asite. Tume ilitoa uamuzi wake mwishoni mwa mwaka 1907.

Jina la besiboli lilikuwa limekwisha kuchapishwa London mwaka 1744, katika kitabu cha watoto cha John Newbery. Hata hivyo, makumbusho ya mchezo huo yalifunguliwa Cooperstown mwaka 1939, kuadhimisha miaka 100 ya jambo ambalo halikutokea, na yapo huko hadi leo.

Uvamizi kutoka Mirihi

Tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles alirusha katika redio ya CBS mchezo wa kuigiza uliotokana na riwaya ya H. G. Wells, uliotangaza kwa mtindo wa taarifa ya habari kwamba viumbe wa Mirihi wametua New Jersey. Kesho yake magazeti yaliandika kurasa za mbele kwamba nchi nzima imeingia hofu na watu wamekimbia ovyo. Kampuni ya C. E. Hooper ilikuwa imeuliza kaya 5,000 kwa simu usiku uleule: ni asilimia 2 hivi tu waliokuwa wakimsikiliza Welles. Wengi walikuwa wakisikiliza vichekesho katika redio nyingine. Wapo waliotishika, na wapo waliopiga simu polisi, lakini barabara zilizojaa wakimbizi zilikuwa za magazetini. Magazeti yalikuwa na sababu yake. Redio ilikuwa inayapokonya matangazo ya biashara, na kuonyesha kwamba haiaminiki kulikuwa na faida.

Hofu iliyoandikwa kuhusu New Jersey ilitokea kweli Quito, Ekuador, Februari 1949, mchezo kama huo uliporushwa kwa Kihispania. Umati uliotoka barabarani ulipogundua umedanganywa ulilitia moto jengo la redio, ambalo lilikuwa pia la gazeti la El Comercio, na watu kadhaa wakafa ndani yake. Nje ya Ekuador tukio hilo halijulikani sana.